Picha za zamani za ardhi yetu zifikishwe kwa wananchi

Mhariri,

Mjadala kuhusu Msitu wa Mau ukianza hapa Nakuru, huishia kwenye swali lile lile: nani aliukata, na lini? Kila upande huleta kumbukumbu zake, na mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Naiomba serikali ya kaunti ilete mezani ushahidi uliopo tayari, nao ni picha za ardhi hii zilizopigwa kutoka angani kwa zaidi ya miaka 70.

Za kwanza ni picha za ndege, ambazo zilipigwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza liliporuka juu ya Afrika Mashariki ili ramani zichorwe. Ni picha zisizo na rangi, lakini mbili zinazopandana zikiwekwa chini ya stereoskopu, yaani kifaa cha lenzi mbili cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, kilima huinuka, bonde huzama, na mti uliosimama peke yake shambani huonekana. Za pili ni picha za setilaiti. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, mradi wa Marekani wa kupiga picha za ardhi, ilirushwa mwaka wa 1972, na kuanzia miaka ya 1980 zikaja picha ambazo kila nukta yake, yaani kipande kidogo kabisa kinachounda picha, ni mraba wa mita 30 kwa 30 ardhini. Tangu 2008 hifadhi hiyo yote hupatikana bila malipo, na wataalamu wa kuisoma tunao humu nchini, wakiwemo wa kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali (RCMRD) kilichoanzishwa mwaka wa 1975, ambacho makao yake ni Kasarani, Nairobi.

Tuchukue mfano wa Mau Mashariki. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za eneo hilo kwenye orodha ya misitu iliyohifadhiwa kisheria. Anayetegemea gazeti rasmi la serikali peke yake atadhani kwamba msitu ulianza kugeuzwa mashamba mwaka huo, ilhali watu walikuwa wameanza kupewa makazi huko katika miaka ya 1990. Tarehe ya karatasi na tarehe ya shoka hazikuwa moja, na kwa familia inayoulizwa leo iliingia lini na kwa idhini ya nani, tofauti hiyo si jambo dogo. Picha zikipangwa mwaka baada ya mwaka zitaonyesha ni upande upi wa msitu uliotangulia kufunguliwa.

Hata hivyo, picha hizi humpotosha anayezisoma kwa haraka, na hapa ndipo ninapotaka wakubwa wetu wawe waangalifu. Shamba la mahindi la Njoro mwezi wa Februari ni udongo mtupu. Mwezi wa Julai ni kijani kibichi. Ukilinganisha picha ya Julai ya zamani na ya Februari ya juzi, utatangaza jangwa ambalo halipo. Kwa hiyo miaka hulinganishwa kwa msimu mmoja, na kwa bahati mbaya misimu ya mvua ndiyo ambayo mawingu hutanda juu ya Mau na kuzuia setilaiti isione kitu. Tena, msitu wa kupandwa ukivunwa kisha ukapandwa upya, picha ya mwaka mmoja itaonyesha uharibifu mahali ambapo kazi ya kawaida ya misitu inaendelea. Mikaratusi iliyojaa kwenye vipande vya mashamba huko Vihiga na Kakamega nayo inaweza kuhesabiwa kuwa miti sawa na ile ya asili, ingawa yeyote anayeishi karibu na chemchemi anajua kwamba si sawa.

Ukubwa wa nukta nao una maana yake. Mraba wa mita 30 kwa 30 ni karibu robo ekari. Kwa shamba kubwa la ngano hilo halina shida, lakini kwa mkulima wa Maragoli mwenye nusu ekari, nyumba, migomba, zizi na napia vyote vinamezwa na nukta mbili au tatu. Kwa maeneo kama hayo, picha ya ndege ya zamani inaweza kusema zaidi kuliko setilaiti ya miaka ya 1980, na ndiyo sababu naumia nikifikiria filamu na karatasi hizo zikiharibika kwa unyevu na vumbi kabla hazijanakiliwa kidijitali.

Na yapo ambayo picha haisemi kabisa. Inaonyesha kwamba Ziwa Nakuru lilianza kufurika baada ya 2010 hadi likameza lango kuu la mbuga. Haisemi ni kwa kiasi gani lawama ni ya mvua nyingi na kwa kiasi gani ni ya udongo ulioshuka kutoka Mau. Inaonyesha uzio mpya katikati ya malisho. Haisemi kama ndugu waligawana kwa amani au mjane alifukuzwa. Hayo wanayajua wazee na akina mama wa kijiji, ambao nao, kama sisi sote, huchanganya miaka. Picha na mzee wasahihishane.

Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka wa 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10 unaotegemea ramani za kidijitali. Basi kabla mpango wowote haujapitishwa, picha za kila wadi, kuanzia ya zamani kabisa inayopatikana hadi ya mwaka huu, zichapishwe kwa ukubwa unaosomeka, zibandikwe katika ofisi za wadi na za machifu, tarehe na mwezi viandikwe waziwazi, na afisa wa ardhi aketi na wakazi kwenye baraza wazisome pamoja. Naomba kazi hiyo ianzie Njoro, Molo na Kuresoi, ambako ugomvi ni mkali zaidi na ambako wazee walioujua msitu kabla haujakatwa wanazidi kupungua.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Njoro, Nakuru