Barua ya wazi kwa mdogo wangu: jina moja halikutosha

Mdogo wangu,

Simu zangu huzipokei tangu Pasaka. Ujumbe unausoma, naona alama mbili za buluu, halafu kimya. Ndiyo maana naandika hapa hadharani. Hata usiposoma mwenyewe, yupo atakayekusomea.

Kwanza salamu. Nyumbani hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi, jua likishatoka anatembea. Ule mwembe wa nyuma umezaa sana mwaka huu, watoto wa jirani wanashinda juu yake na mimi nawaacha.

Sasa nianze na ile fomu, maana najua ndipo utakapoanzia wewe. Ni kweli. Usiku ule ulinipigia kutoka Canada ukaniambia, "Dada, fomu ina nafasi mbili tu, jina la kwanza na jina la familia. Mimi nina matatu. Niache lipi?" Nilikuwa nimetoka kumlaza mtoto, macho yananifumba, nikakujibu, "Andika la baba." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu na sikani. Huko ukawa Bwana Stanley, na wanao wakazaliwa akina Stanley, na jina la babu likabaki kwenye vyeti vya shule ndani ya lile sanduku la bati.

Na hoja yako ya pili naijua: kwetu mtoto ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na babu wa wanao ni Stanley, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Umesema kweli. Wazee waliponiuliza kwenye msiba wa baba nilikutetea kwa maneno hayo hayo, nikamjibu baba mdogo mbele ya watu mpaka akanikazia macho. Mtoto wako kuitwa Stanley sina neno nalo.

Neno langu ni jiwe.

Tulikwenda kwa fundi wa marumaru Jumatano, siku ya nne baada ya kuzika. Jua lilikuwa kali, jiwe limelazwa juu ya matairi mawili, fundi ana penseli sikioni na daftari la mraba mkononi. Akauliza, "Bosi, tuandike majina mangapi?" Kila herufi ina bei yake, alitaka kupiga hesabu. Wewe ulikuwa unaangalia simu. Ukasema, "Moja linatosha."

Fundi akanitazama mimi. Alijua, yule kijana. Kwao pia wanazika watu wenye majina matatu. Mimi nikageuza uso barabarani, ikapita pikipiki imepakia migebuka, nikaifuata kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona. Niliporudisha uso alikuwa ameshapiga mstari wa penseli na mashine inalia. Vumbi jeupe likatukaa kwenye viatu. STANLEY. Chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Basi.

Umeniuliza kwenye ujumbe wako wa mwisho kwa nini sikusema palepale. Nitakujibu. Jeneza umelipa wewe. Basi la kupeleka watu Kasulu umelipa wewe, mchele, ng'ombe, turubai, na jiwe lenyewe. Mimi nilikuwa na siku tatu sijalala, mikono inanuka moshi na mawese, na kwenye msiba wetu siku hizi mwenye pesa ndiye mwenye kauli. Ningesema nini? Ningekuzuia usilipie? Halafu wakasema dada ana wivu, mdogo wake kaja kutoka ughaibuni kumzika baba kwa heshima, yeye analeta maneno. Nilinyamaza ili msiba uishe vizuri. Kama hilo ni kosa, basi ni kosa la mtu aliyekuwa anakulinda wewe.

Mama hajui kusoma. Alipitisha kiganja juu ya herufi akasema limependeza. Hilo ndilo haswa ninaloshindwa kulisahau. Hakujua alichokuwa anapapasa.

Wewe hukumjua babu vizuri, ulikuwa mdogo. Mimi nilimkuta akiwa na nguvu. Babu hakuwahi hata siku moja kumwita baba Stanley. Jina hilo baba alipewa siku ya ubatizo, akiwa mwanafunzi, na yeye mwenyewe alituambia hakulichagua, aliitwa tu akaitika. Babu alikuwa anasimama mlangoni, anasalimia, "Mwakeye," halafu anamwita kwa jina la Kiha, lile ambalo baba alikuwa analiitika akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto. Kaburi la babu liko pale pale, mawe yaliyokusanywa kwa mikono, halina maandishi. Mahali pekee ambapo jina lake lingeweza kusomwa katika kijiji kile ni kwenye jiwe la mwanawe.

Na mwanao aliliuliza. Hilo hulijui, maana siku ile ulikuwa umeenda kuhangaikia tiketi. Nilimchukua nikampeleka Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, ili asishinde na vilio. Tukatembea chini ya ile miembe inayosemwa ni uzao wa mwembe wa siku zile. Tukaingia ndani, kuna masanamu mawili ya Wazungu wanasalimiana, Livingstone na Stanley aliyemfuata. Mtoto akasoma maandishi, akanishika khanga. "Shangazi, huyu Stanley ni ndugu yetu?"

Nikamwambia hapana. Akaniuliza tena. Kumbe huko kwenu anauona kila mahali. Kikombe cha maji cha wifi, kile kirefu cha mrija asichokiweka chini hata msibani, kimeandikwa Stanley. Kombe la mpira wa magongo ya barafuni ni Stanley. Na randa ya babu yake, aliyoishika siku ile ile asubuhi, ina neno Stanley kwenye chuma. Mtoto wa miaka tisa akajumlisha, akaona ana ukoo mkubwa kuliko wote duniani.

Tulikaa kwenye kivuli nikamweleza mmoja mmoja, na wewe nakueleza, maana sidhani ulishawahi kukaa naye ukamweleza.

Stanley wa randa alikuwa Frederick, Mmarekani wa New Britain, Connecticut, aliyefungua karakana ya komeo za milango mwaka 1843. Stanley wa kikombe cha mama yake ni mwingine, William, aliyetengeneza chupa ya chai ya chuma kitupu mwaka 1913. Stanley wa kombe ni bwana wa Kiingereza, Frederick Arthur, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Canada na kununua bakuli la fedha mwaka 1892 lishindaniwe. Hawa si ndugu zetu. Ni jina la mahali huko Uingereza, la zamani sana, maana yake ni uwazi wa msituni wenye mawe, na watu wengi walilibeba kwa sababu zao.

Na Stanley wa Ujiji, nikamwambia, huyo hata yeye hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, jina lake John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na kitabu cha kanisa kiliandika waziwazi kwamba ni mtoto wa nje ya ndoa. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, akaachwa humo akue. Alipokuwa kijana akapanda meli mpaka New Orleans, akachukua jina la mfanyabiashara wa huko na kujifanya mtu mpya. Jina hilo ndilo alilotoka nalo Bagamoyo mapema mwaka 1871, ametumwa na gazeti la New York kumtafuta Livingstone, mpaka akafika Ujiji mwezi Novemba. Na jina hilo hilo, mwaka 1875, ndilo walilolijua watu wa Bumbire kule Ziwa Viktoria, aliporudi na bunduki kulipiza kisasi, akawapiga risasi kutoka kwenye mitumbwi huku wao wana pinde na mishale ufukweni. Baadaye akamfanyia kazi mfalme Leopold wa Ubelgiji, na jina likapigwa mhuri juu ya Kongo nzima. Ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, ndani huko Kongo, kulikuwa na mji wa Stanleyville. Wenyewe walilifuta jina hilo mwaka 1966, mji ukawa Kisangani.

Sikumwambia mtoto habari za Bumbire. Nakuambia wewe.

Mdogo wangu, yule John Rowlands alikuwa na sababu ya kulikimbia jina la baba yake. Baba huyo hakumlea. Babu yetu alitufanyia nini? Alimuuza nani? Baba aliziuza mbao zake za mninga, zile alizokuwa amezikausha chini ya banda miaka miwili kwa ajili ya kabati la mama, ili upate nauli ya Dar es Salaam kwenda kwenye usaili. Ulipanda treni na shati alilokununulia. Na jina uliloandika kwenye ule usaili lilikuwa na sehemu tatu.

Stanley alifariki mwaka 1904. Alitaka kuzikwa Westminster Abbey jirani na Livingstone, wakamkatalia, akazikwa Pirbright, kijiji cha Surrey, chini ya jiwe kubwa la asili. Wameandika Henry Morton Stanley, na chini yake wakaandika Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Kongo. Hata yeye walimpa majina mawili kwenye jiwe. Lile la kwanza, la Wales, halimo.

Halafu mwanao akanieleza kitu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza na mikono ikimsaidia. Akasema lile kombe la huko kwenu, wakishinda, wanaandika majina ya wachezaji wao juu yake. Mmoja mmoja. Lina mikanda ya chuma, na mikanda ikijaa, wanabandua ule wa zamani kuliko yote, wanautunza Toronto, wanapachika mpya mtupu ili waandike tena. Macho yalikuwa yanamng'aa. Kisha akaniuliza, "Shangazi, jina la baba yake babu ni nani?"

Nikamtajia. Akalirudia mara nne mpaka akalipata. Sitaliandika hapa. Wanaolijua wanalijua, na wewe unalijua.

Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nalifikiria lile kombe. Kitu cha kuchezea barafuni kinatengewa nafasi ya majina ya watu chungu nzima, na jiwe la baba yetu, mita nzima ya marumaru, likakosa nafasi ya neno moja.

Ninachokushauri kama dada yako ni hiki: kaa na watoto, waambie. Usingoje waulizie kwenye makumbusho. Mimi wanangu wanajua, kila mmoja anakuhesabia mpaka kwa babu wa babu. Najua utasema mbona na mimi kwenye kitambulisho nina jina la mume wangu. Ndiyo, ninalo. Lakini kwenye cheti cha ndoa niliandika ya kwetu yote kwanza, karani akasema ni marefu, nikamwambia aandike kwa herufi ndogo. Na mimi ndiye niliyebaki hapa. Mimi ndiye ninayepalilia lile kaburi, na kila nikiinama na jembe nakutana na neno moja.

Habari ya randa. Umemwambia baba mdogo kwamba nimeificha. Sijaificha. Iko kwangu, namba 4, ile ya Made in England, mpini umekatika ncha tangu tulipoiangusha wewe na mimi tukasingiziana. Tulipokuwa wadogo tuliamini kiwandani walimjua baba, wakaandika jina lake kwenye chuma. Unakumbuka tulivyokuwa tunajaza maranda kwenye magunia ya kuku, na ya mninga yana harufu ile, unatoka mwekundu mpaka kwenye nyusi? Siku ulipojikata kidole kwenye kisu chake baba aliifungua randa yote, akakuonyesha kila kipande, ili usiiogope. Hakukupiga. Mimi ndiye niliyepigwa kwa kukuacha.

Ni ya mwanao. Nimeipaka mafuta, nimeifunga kwenye khanga ya mama. Sitaituma kwa mtu. Aje aichukue kwa mkono wake.

Na jiwe nimelipima kwa tepu ya baba. Chini ya jina, kabla ya miaka, kuna nafasi ya vidole vinne. Nimerudi kwa yule kijana. Aliponiona tu akaweka penseli chini akasema, "Mama, nilijua utarudi." Herufi ni nane, nimelipia zote kwa pesa za dagaa wangu, hakuna senti yako humo. Atapanda Kasulu Jumamosi ya wiki ijayo na mashine, jenereta nimekodi. Mama nimemwambia ukweli. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama na wewe utakuwepo.

Sikuwa na la kumjibu. Nipigie kabla ya Jumamosi, umjibu wewe.

Dada yako