Mlinzi wa geti

Lexington, Kentucky
Jumapili usiku

Ndugu yangu Shaabani,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mimi mzima, kazi ya usiku ghalani inaendelea, mgongo tu ndio unaolalamika. Nisalimie shemeji na watoto, hasa yule mtundu.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara mbili. Umecheza mlinzi tena kwenye filamu. Mlinzi wa nne mfululizo: unafungua geti, unasema "Karibu bosi", kamera inaondoka na gari, wewe unabaki na geti lako. Na hela ya siku hiyo bado wanakuzungusha. Kwenye hela sina msaada zaidi ya pole, lakini kwenye ulinzi nina neno.

Unaikumbuka The Avengers, tuliyoiona kwenye kibanda umiza, mtafsiri akipayuka juu ya sauti za watu mpaka tukamwomba apumzike? Hulk, lile jitu la kijani, anadondoka kutoka angani, anatoboa paa la jengo kuukuu, anazinduka akiwa binadamu, uchi kama alivyozaliwa. Kuna mzee mlinzi amesimama anamtazama, hana papara, utadhani kila Jumanne anaangukiwa na mtu. Anamwambia hujaumiza mtu, umetisha njiwa tu. Anampa suruali. Halafu anamuuliza kama ametoka sayari nyingine. Hapana. Basi kijana, una maradhi. Hata dakika mbili hazifiki, na kibanda kizima kilicheka. Filamu ilitoka 2012, na yule mzee alikuwa na miaka 85. Anaitwa Harry Dean Stanton, na kumbe ni mtoto wa huku ninakokaa!

Nimemjua kwa bahati. Hapa Lexington Kiswahili unakisikia mpaka kwenye foleni ya duka, ndugu zetu Wakongo wamejaa. Mmoja tunafanya naye zamu, mwanawe anasoma sekondari ya Lafayette, na dogo ndiye aliyetuambia kwamba Stanton alimaliza pale pale, mwaka 1944. Alizaliwa 1926 West Irvine, mashariki ya hapa, baba yake akilima tumbaku na kunyoa watu nywele. Kutoka shule akaenda jeshi la majini, akawa mpishi kwenye meli ya kushusha vifaru, akavikuta vita vya Okinawa. Fikiria, mtu anakoroga sufuria huku ndege za Wajapani zinajibamiza kwenye meli. Aliporudi akaingia Chuo Kikuu cha Kentucky kusomea uandishi wa habari, akaonja jukwaa la chuoni, akaacha masomo na kwenda California kujifunza uigizaji Pasadena.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye ugonjwa wako. Kuanzia miaka ya 50 kazi yake ilikuwa ni jambazi wa tatu kutoka kushoto. Kwenye tamthilia ya kauboi ya Gunsmoke alirudi mara kadhaa, kila mara mtu mwingine. Alikuwepo kwenye Cool Hand Luke ya 1967, na kwenye The Godfather ya pili alikuwa askari wa FBI. Mwigizaji Jack Nicholson alikuwa rafiki yake, walishakaa nyumba moja, na 1962 Stanton alimsimamia kwenye harusi. Nicholson akawa Nicholson, staa wa dunia. Yeye akaendelea kuwa jambazi wa tatu.

Ukitaka kuona anavyofanya, itafute Alien ya 1979, ile ya zimwi ndani ya chombo cha angani. Yeye ni fundi mwenye kofia, ametumwa kumtafuta paka. Anaingia sehemu maji yanadondoka kutoka juu, anasimama chini yake na kuyaacha yamlowanishe uso. Basi. Zimwi limo humo humo, yeye anajipoza. Wewe unayetazama ndiye unayetaka kupiga kelele.

Na hili niseme, usinikasirikie. Klipu yako niliiangalia. Ulipofungua geti ulikuwa unasubiri zamu yako ya kusema "Karibu bosi". Yule mzee wa njiwa hasubiri zamu. Anaonekana amelilinda lile jengo miaka na miaka, kamera ndiyo iliyomkuta kazini.

Basi akachoka, kama wewe. Siku moja Santa Fe, kwenye glasi, akamlalamikia mwandishi Sam Shepard kwamba majukumu anayopewa yamemchosha, anataka japo moja lenye uzuri ndani yake. Shepard hakusema kitu. Baadaye akampigia simu: wewe ndiye Travis. Ndivyo alivyopata nafasi kuu kwenye Paris, Texas, filamu ya Wim Wenders iliyochukua tuzo kubwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 1984. Stanton alikuwa anagonga miaka 58.

Niliitazama kwenye simu wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya boksi, chai ikapoa. Mtu ametoka jangwani na kofia nyekundu na galoni la plastiki, anamalizia matone ya mwisho ya maji, anaendelea kutembea. Zaidi ya dakika ishirini hasemi neno, na huwezi kumwondolea macho. Kisha mwishoni anampata mkewe aliyepotezana naye miaka, wanaongea kwa simu wametenganishwa na kioo, mke hamwoni. Anageuza kiti, anampa mgongo, ndipo anaanza kusimulia yaliyowaharibu. Kwa mgongo, Shaabani! Muda wa kurudi kazini ulipita nikiwa bado nimekaa.

Baada ya hapo ungedhani ataitwa staa. Wapi. Akarudi kwenye vipande vyake. Yule mfungwa mwehu wa The Green Mile anayekalishwa kwenye kiti cha umeme ili askari wafanye mazoezi, na anachekesha, ni yeye. Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago, aliweka kanuni kwamba filamu yenye Stanton au mwigizaji mwenzake M. Emmet Walsh pembeni haiwezi kuwa mbovu moja kwa moja. Baadaye ikabidi akiri kwamba ya 1989 moja ilimwangusha.

Filamu nyingine iliyombeba yeye mwenyewe ilimkuta na miaka 90. Inaitwa Lucky, imeongozwa na John Carroll Lynch, naye ni mwigizaji wa vipande vidogo, na yule mzee wa ndani yake alikuwa mpishi wa majini, vile vile. Stanton alifariki tarehe 15 Septemba 2017, wiki mbili kabla haijafika kwenye majumba ya sinema.

Zamu inaanza saa nne, naishia hapa. Ile hela idai kwa maandishi, usidai kwa mdomo. Na ukiitwa tena kuwa mlinzi, waulize kama anakaa pale pale getini au ana kwake, halafu nitumie klipu.

Wako,
Hamza