Mei Mosi: shukrani kwa wanaotuhudumia mtaani

Majirani, habari za jioni.

Kama tulivyokubaliana kwenye kikao, Mei Mosi tunawashukuru watu wetu hapa Sinza: vijana wawili wa guta la taka, mama anayefagia barabara na mlinzi wa usiku.

Juzi mvua ilipokatika nilimkuta kijana wa taka ameketi ukingoni mwa mtaro, anamwaga maji kutoka kwenye kiatu kilichotoboka. Mikononi kajifunga vitambaa. Ndiye anayebeba chupa zetu zilizovunjika! Kuanzia leo tuzifunge kwenye gazeti, tafadhali.

1. Mchango: sh. 10,000 kila nyumba, umpe mweka hazina kabla ya tarehe 26 Aprili, saa 12 jioni. Tutanunua mabuti, glavu nzito, makoti ya mvua na tochi ya mlinzi.
2. Natafuta wawili wa kwenda Kariakoo tarehe 28, na mmoja wa kuwauliza saizi za viatu na majina yao kamili. Miaka yote tunawaita "wa taka" tu, siku hiyo kila mmoja aitwe kwa jina lake.
3. Mei Mosi, saa 4 asubuhi, pale chini ya mwembe. Kutakuwa na supu na chapati. Njooni na watoto, wao ndio watakaokabidhi zawadi.

Naomba kila nyumba ithibitishe hapa kabla ya kesho usiku: andika namba ya nyumba na "Tupo". Aliyebanwa mwezi huu aniambie pembeni, na siku yenyewe aje bila wasiwasi.

Asanteni sana.