Tukio halihuzuniki, linahuzunisha

Mhariri,

Ajali ikitokea, magazeti yetu, hili likiwamo, huandika "tukio la kuhuzunika". Anayehuzunika ni mtu aliyefikwa, tukio linahuzunisha. Viambishi -ik- na -ish- ndivyo vinavyotenganisha maana hizo, sawa na sikitika na sikitisha.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, huzn. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zibanane mwishoni mwa neno, kwa hiyo kikaingiza u katikati na kufunga kwa i: hu-zu-ni. Vivyo hivyo hukm ikawa hukumu, ila hapo irabu ya mwisho ni u kwa sababu m hutamkwa kwa midomo. Ndivyo ilivyo pia kwa kitabu, hesabu na elimu.

Mzizi huohuo wa h-z-n unazaa neno hazn, yaani ardhi ngumu, ya mawe na makorongo, isiyopitika kwa urahisi. Kinyume chake ni sahl, ardhi tambarare, nasi tumelichukua hilo pia: sahali, sahilisha. Wataalamu wa kamusi za Kiarabu waliziunganisha maana hizo, ugumu wa ardhi na ugumu wa nafsi. Katika Sura ya Yusuf, aya ya 84, macho ya Nabii Yakubu yanageuka meupe kwa huzni ya kumkosa mwanawe. Neno zito kiasi hicho lisitumike kwa timu iliyotoka sare nyumbani. Hapo masikitiko yanatosha kabisa.

Kurasa za michezo zina jambo jingine: "mashabiki wanasubiri kwa hamu na ghamu". Kwa Kiarabu, hamm na ghamm ni wasiwasi na dhiki ya moyo, na dua mashuhuri ya kujikinga inaitaja hamm sambamba na hazan, ndugu wa huzn. Kiswahili kikaigeuza hamu kuwa shauku, na ghamu ikafuata kwa mvuto wa vina. Msemo huo umekwisha kubalika wala hatuombi ufutwe. Lakini ghamu ikisimama peke yake bado ni huzuni, hivyo "wana ghamu ya kuona fainali" ni kosa.

Upatanisho nao unalegea. Huzuni na simanzi ni za ngeli ya i-/zi-: huzuni kubwa, simanzi kubwa imetanda. Majonzi na masikitiko ni ya ya-: majonzi makubwa yametanda. "Majonzi kubwa imetanda" tumeisoma zaidi ya mara moja, hata kwenye vichwa vya habari, ambako msahihishaji hana kisingizio cha kupitiwa.

Tunaomba pia tanzia na taazia zisichanganywe, ingawa zote mbili zinatokana na neno taaziya la Kiarabu. Tanzia ni habari ya kifo. Anayetuma salamu za kuwafariji wafiwa anatuma taazia, au rambirambi.

Wapenzi wa Kiswahili