Baa za Nairobi ziandike mililita kwenye menyu

Kwako Mhariri,

Kurasa za burudani na mitandao ya kijamii zimejaa picha za kokteli za Westlands, Kilimani na Karen: glasi zinazofuka moshi, maua juu ya povu, taa za zambarau. Msomaji haambiwi ndani mna nini. Sisi tunaosimama nyuma ya kaunta tunajua, na inatuuma kuona mteja akitoa zaidi ya shilingi 1,000 kwa glasi moja bila njia yoyote ya kujua kama amepata haki yake. Tunaomba nafasi tuwaeleze wasomaji jinsi ya kuonja, halafu tuwaombe wenye baa jambo moja: waandike kwenye menyu kiasi cha pombe kilichomo katika kila kinywaji, kwa mililita.

Anayetaka kuijua baa ngeni aagize dawa kwanza, hata kama menyu ina kurasa nne za vinywaji vyenye majina marefu. Dawa ya baa ni kokteli ya hapa Nairobi. Mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980 huko Lang'ata, ndio ulioipa umaarufu, na asili yake ni kaipirinya ya Brazili, ila pombe ya miwa ikabadilishwa kwa vodka, ikaongezwa asali na kijiti. (Ukiwa mkahawani mchana, fafanua unachotaka, la sivyo utaletewa kikombe cha moto cha tangawizi, limau na asali.) Vitu vyake ni vichache mno: vodka, ndimu, sukari, asali, barafu. Hamna shira ya rangi wala povu la kufunika kosa, kwa hivyo mkono wa aliyeitengeneza unaonekana mara moja.

Kipimo kinachofaa ni vodka mililita 60, nusu ya ndimu iliyokatwa vipande vinne, kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kahawia, na asali nzito kwenye kijiti. Ndimu iwe na ganda jembamba, na kabla ya kukatwa iviringishwe juu ya kaunta kwa kiganja mpaka ilainike, ndipo itoe maji. Ule utepe mweupe wa katikati uondolewe. Vipande viwekwe katika glasi, vinyunyiziwe sukari, vibanwe kwa mchi mara nne au tano, basi. Chembe za sukari hukwaruza ganda na kutoa mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo harufu inayokupokea kabla hujaonja. Anayeponda ndimu kama anayetwanga vitunguu saumu huchana ile sehemu nyeupe chini ya ganda, nayo hutoa uchungu ambao asali yoyote haiwezi kuuficha. Ukiona vipande vya ganda vilivyochanikachanika vikielea ndani ya glasi, ujue umeshapewa uchungu huo.

Kisha glasi hujazwa barafu iliyopondwa, vodka humiminwa, na kinywaji hukorogwa mara mbili tatu kutoka chini kwenda juu. Kijiti cha asali huingia mwisho.

Kijiti hicho wengi hukichukulia kama pambo, kumbe kina kazi. Asali haiyeyuki kwa urahisi katika baridi. Ikigusa barafu hukaza. Mteja anapokoroga kwa kijiti, asali huachia kidogo kidogo, naye huongeza utamu kadiri apendavyo. Baa nyingi sasa zinabinya asali kutoka kwa chupa ya plastiki moja kwa moja juu ya barafu. Asali inazama, inatulia chini kama donge, mteja anakunywa ukali mtupu hadi nusu ya glasi, halafu funda za mwisho zinamkifu kwa utamu. Tena asali nzito ya Baringo au Kitui hushika kijiti. Iliyozimuliwa hudondoka kabla kijiti hakijafika kwenye glasi. Kwa kinywaji cha kutikiswa, asali ichanganywe kwanza na maji ya moto, sehemu mbili za asali kwa moja ya maji, iachwe ipoe.

Barafu nayo ina mambo. Ndiyo kitu ambacho wenye baa hukibania pesa, na ndiyo inayoharibu vinywaji vingi kuliko pombe mbaya. Barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza ni kavu, baridi yake ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Iliyokaa saa nzima ndani ya ndoo tayari imelowa, na maji hayo yote huingia katika kinywaji chako kabla hakijapoa. Vile vipande vyenye shimo katikati, vinavyotoka kwenye mashine ndogo, huyeyuka upesi zaidi kwa sababu ni vyembamba. Na katika mji ambao stima hupotea bila taarifa, tazama kama barafu imegandamana kuwa mabonge: hiyo imeyeyuka ikaganda tena, na mara nyingi imebeba harufu ya nyama au samaki waliohifadhiwa humo humo.

Si kwamba maji ni adui. Kinywaji kilichotikiswa vizuri hupata takriban robo ya ujazo wake kutokana na barafu inayoyeyuka, na robo hiyo ni sehemu ya kipimo. Pasipo maji hayo kinywaji huchoma koo. Yakizidi, huwa kama glasi iliyosuuzwa. Vyenye juisi, maziwa au ute wa yai hutikiswa kwa nguvu sekunde 10 hadi 12, mpaka kopo la chuma lifunikwe na ukungu mweupe kwa nje. Vyenye pombe tupu, kwa mfano negroni, hukorogwa taratibu kwa sekunde 20 hadi 30. Ukimwona mtu anatikisa negroni, agiza bia.

Hapo hapo kwenye negroni kuna swali lingine la kuuliza bila haya. Hutengenezwa kwa mililita 30 za jini (gin), 30 za Campari, ile pombe chungu nyekundu ya Italia, na 30 za vamuthi nyekundu. Vamuthi ni divai iliyotiwa viungo, na kama divai nyingine yoyote, huanza kuharibika ikishafunguliwa. Mahali pake ni kwenye friji, na imalizike ndani ya mwezi mmoja hivi. Chupa iliyokaa miezi sita juu ya rafu yenye taa ina ladha ya siki na karatasi. Uliza tu: vamuthi yenu mnaiweka wapi? Mhudumu anayejua kazi yake atafurahia swali hilo.

Vinywaji vya ndimu vina mizani yake: pombe mililita 60, maji ya ndimu 25 hadi 30, shira 20 hadi 25. Shira ni gramu 500 za sukari kwa mililita 500 za maji, zipashwe moto hadi sukari iyeyuke tu. Ikiachwa ichemke, maji hukauka, shira huwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, na mililita 20 zilezile hubeba sukari nyingi zaidi. Ndiyo sababu kinywaji kilekile huwa kitamu Ijumaa na kinakifu Jumapili. Ikae kwenye friji, wiki mbili zisipite.

Ndimu ikamuliwe siku ileile. Kesho yake harufu imeshafifia. Bei ya ndimu inapopanda kule sokoni Marikiti, baadhi ya baa hugeukia juisi ya chupa au asidi ya sitriki ya unga iliyokorogwa kwenye maji. Utaijua kwa sababu inauma ulimi lakini pua haipati kitu.

Tunasikitika zaidi tunapoona menyu zikijaa shira za matunda ya ng'ambo huku ukwaju, pasheni, matunda-damu na mchaichai vikiuzwa mtaa wa pili. Chukua ukwaju. Loweka gramu 100 katika mililita 300 za maji ya moto kwa nusu saa, ufinye kwa mkono, uchuje, utie sukari gramu 100 wakati maji bado yana moto. Katika kopo la kutikisia weka Kenya Cane, pombe yetu ya miwa, mililita 50, maji ya ukwaju 30, ndimu 10 na shira 10. Tikisa, chuja mara mbili, mimina juu ya barafu mpya, ongeza Stoney Tangawizi mililita 80. Soda isitikiswe kamwe, itarusha kila kitu. Ndimu imepunguzwa hapo kwa makusudi: ukali wa ukwaju hukaa ulimini muda mrefu kuliko wa ndimu, na ukitumia mililita 25 za kawaida meno yatasisimka. Wanaokosea huchuja mara moja tu, nyuzi za ukwaju zikaziba mrija. Au huacha mtungi nje ya friji siku tatu ukaanza kuchacha. Kinywaji hiki ni cha gharama ndogo, na hatuoni kwa nini kisiwe katika kila baa ya mji huu.

Kuna pia Procera, jini inayotengenezwa hapa Nairobi kwa matunda ya mutarakwa, ule mti wa nyanda zetu za juu. Ni makosa kuizamisha katika juisi ya pasheni. Mililita 50, soda baridi ya toniki mililita 100, ganda la ndimu, imetosha.

Sasa tufike kwenye mililita zenyewe. Neno "toti", yaani kipimo kimoja cha pombe kali, halina ukubwa mmoja katika mji huu. Kwingine ni mililita 25, kwingine 30. Chupa ya mililita 750 hutoa toti 30 za kwanza au 25 za pili, na menyu hazisemi ni ipi. Katika kinywaji cha toti mbili tofauti ni mililita 10, yaani sehemu moja ya sita ya ulicholipia. Halafu kuna wanaomimina kwa kukadiria, chupa juu, bila kikombe cha kupimia. Inapendeza kutazama, lakini baa ikijaa saa tatu usiku mkono huo huo humpa huyu 40 na yule 70. Tunaomba kila kinywaji kipimwe mbele ya mteja, kwa kikombe chenye alama.

Suala hili ni la usalama pia. Dawa yenye vodka mililita 60 ya asilimia 40 ina mililita 24 za pombe safi. Tusker ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, ina 21. Kwa hivyo glasi moja ndogo tamu inaipita chupa nzima ya bia, na glasi tatu zinakaribia bia tatu na nusu, zikinywewa ndani ya saa moja kwa sababu ndimu na asali vimeficha ukali. Anayezunguka baa tatu kwa usiku mmoja aagize kinywaji kimoja kila baa, ale kwanza, anywe glasi ya maji katikati, na gari aliache nyumbani. Siku nzuri ni Jumanne au Jumatano mapema jioni, mhudumu akiwa na nafasi ya kujibu maswali. Sheria ya mwaka 2010 inaruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi, kwa hivyo muda upo.

Kuhusu chupa, mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe. Stempu ya ushuru inakaguliwa kwa programu ya simu ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, iitwayo Soma Label. Lakini stempu halali haithibitishi kilichomo iwapo chupa halisi imejazwa upya kwa pombe ya magendo. Ndiyo maana tunawasihi wenzetu wakwaruze lebo na kuharibu vifuniko kabla ya kuwapa wanunuzi wa chupa tupu. Ni kazi ya dakika chache wakati wa kufunga.

Wenye baa wanasema kuandika vipimo ni kutoa siri. Siri ya kinywaji iko katika ndimu ya leo, barafu kavu na mkono uliozoea, na hayo hayaibiwi na anayesoma menyu. Mstari mmoja chini ya jina unatosha: "Vodka mililita 60, nusu ya ndimu, sukari, asali, pombe safi mililita 24." Kwa jini na toniki uandikwe ujazo wa toniki pia. Baa inayokamua ndimu kila siku iseme hivyo, na inayotumia juisi ya chupa iseme vilevile, kisha bei ifuate ukweli huo. Menyu huchapishwa upya kila ushuru wa pombe unapopanda. Mstari huu uingizwe katika uchapishaji ujao.

Wahudumu wa kaunta,
Westlands, Nairobi