Hesabu kuanzia siku ya kikapu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kwamba familia nzima mmekubaliana: kilimo hai, wanachama 20 wanaolipa kabla ya msimu, kila mmoja na kikapu chake cha mboga kila wiki. Umeuliza mpande nini kwanza. Kabla ya jembe, shikeni kalenda, tena muihesabu kinyumenyume.

Mkishapokea fedha za watu kabla ya mavuno, pengo kwenye kikapu ni deni. Kwa hiyo wekeni siku ya kikapu cha kwanza, kisha rudini nyuma. Figili huwa tayari siku 25 hadi 30 tangu kusiwa. Karoti hutaka siku 70 hadi 90. Letusi hukaa kitaluni wiki 3 au 4, halafu shambani wiki nyingine 4 hadi 6. Mkitaka letusi moja kwa kila mwanachama kila wiki, sieni kila wiki, na otesheni miche 30, si 20: mingine itadumaa, mingine viwavi waitwao sota wataikata usiku, mingine itatoa maua kabla haijashiba.

Letusi ndiyo inayowakwamisha wengi. Udongo ukipita nyuzi 27 hivi za sentigredi, mbegu zake hulala, na mkulima hudhani kauziwa mbegu mbovu. Sieni jioni, trei ziwe kivulini, maji yawe ya baridi. Majira nayo hubadili hesabu. Kwenye joto, awamu mbili za kusia zilizopishana siku 10 zaweza kukomaa pamoja. Baridi ikiingia na siku zikifupika, kuchelewa kusia siku chache tu kwaweza kusogeza mavuno kwa wiki nzima au zaidi. Mmoja wenu, mmoja tu, ashike daftari la kusia.

Mboji ianze sasa hivi. Rundo lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo halishiki joto. Wekeni ndoo 2 au 3 za majani makavu na mabua kwa kila ndoo 1 ya mabichi au samadi. Ukibana konzi yake mkononi, litoke tone moja au mawili. Likitoa harufu kali kama ya mkojo, nitrojeni imezidi, ongezeni makavu. Likikaa baridi, ama limekauka ama ni dogo. Linatakiwa kufika nyuzi 55 hadi 65, na joto likishuka, lipindueni. Samadi mbichi isikaribie saladi kabisa, kwa kuwa majani yale huliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno ya zao linalogusa udongo, nami nakiona ni kipimo kizuri popote.

Magugu kwenye karoti huua moyo kuliko wadudu. Tengenezeni tuta, limwagilieni, subirini siku 10 hadi 14 magugu yaote, kisha yakwangueni juujuu, sentimita 2 tu, msije mkaamsha mbegu za chini. Ndipo msie.

Nyanya, viazi, biringanya na pilipili ni ukoo mmoja. Zisirudi kwenye tuta lile lile kabla ya miaka 3.

Siku ya vikapu, majani yavunwe alfajiri kabla jua halijayapiga, yatumbukizwe mara moja kwenye maji safi ya baridi, yachujwe vizuri. Yakifungwa na maji yataoza. Karoti zikatwe majani, yabaki sentimita 2, kwani majani huendelea kunyonya maji ya mzizi hadi ulegee. Nyanya zilizoiva zisikae na letusi usiku kucha, maana hewa inayotoka kwenye nyanya huacha madoa ya kahawia kwenye majani. Vizito chini, laini juu.

Niandikie orodha ya mazao mliyochagua, urefu wa matuta na siku ya kikapu cha kwanza, tuhesabu pamoja kabla hamjanunua mbegu.

Rafiki yako wa siku zote