Lenzi zinaisha kwa mchanga wa Coco

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi niongee na wapiga picha wenzangu hasa wale wa Coco Beach na kule Kigamboni, maana kila wikiendi unamkuta mtu anafuta lenzi kwa tisheti wakati ina mchanga, jamani huo mchanga ndo unachora kioo! Anza na kile kipampu cha mpira, usipulize kwa mdomo mate yanaruka, halafu brashi laini, kitambaa kije mwisho kabisa. Na chumvi ya bahari haitoki kikavu, kitambaa kiwe na unyevu kidogo.

Hapo ndo filta ya yuvi, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, ina maana. Kwenye kamera za dijitali haibadilishi picha kihivyo, wauzaji wanatupiga maneno tu, kazi yake ni kupokea chumvi na mikwaruzo badala ya lenzi, ila ya bei chee ukipiga kuelekea jua inaleta vimulimuli vya mwanga kwenye picha. Polaraiza, nayo filta ya kufunga mbele ya lenzi, ndo kitu bana, inakata mng'ao wa maji na anga linakolea, hasa jua likiwa ubavuni kwako, ila inakula mwanga kwahiyo jioni itoe.

Fokasi usiiachie kamera ijichagulie, weka pointi moja ya fokasi kwenye jicho la mtu, la sivyo itashika mnazi wa nyuma.

Na ukishuka kwenye gari lenye eisi usifungue begi papo hapo, hewa ya Dar ina unyevu mwingi, kioo cha baridi kitashika ukungu, subiri kama nusu saa hivi.

Msomaji wako, Kinondoni